Banjo Haitikii Filimbi

Clunes, 9 Machi

Bi Kalogeras,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Hunijui. Mimi ni Merle Tranter, niliyemlea Banjo tangu akiwa na wiki nane hadi alipotimiza mwaka na miezi miwili, ndipo Shule ya mbwa wanaowaongoza wasioona ikaja kumchukua kwa mafunzo. Sasa wameniambia mafunzo yamekwisha na yuko kwako. Mlezi anaruhusiwa kumwandikia mwenye mbwa. Kumwona mbwa mwenyewe haruhusiwi mpaka miezi sita ipite.

Wameniambia pia kwamba barua zako husomwa na mashine, kwa hiyo napiga hii kwa taipureta ya marehemu mume wangu, Des, na nabonyeza kwa nguvu ili herufi zitoke vizuri.

Kuna mambo ambayo Shule haiyajui. Banjo anaogopa maputo. Anapenda kukunwa kwenye shina la sikio la kushoto, la kulia hapana. Mvua ya radi ikija anataka redio iwashwe. Ukimwita akakawia, usidhani ni kiburi, anafikiri.

Watu hapa mjini huniuliza niliwezaje kumtoa. Nilipika miaka thelathini kwenye kantini ya shule ya msingi, nimeshawaona watoto wengi wakija na kuondoka, kwa hiyo huwajibu kwamba ndivyo kazi ilivyo: unalea, unafundisha, unatoa. Kisha narudi nyumbani kwangu.

Nasikia huna bustani. Si kitu, atazoea.

Merle Tranter


Preston, 21 Machi

Bi Tranter,

Barua yako imefika na mashine imeisoma mara mbili. Ina sauti ya mwanamume aliyechoka, kwa hiyo kwangu wewe ni mwanamume aliyechoka wa Clunes. Niwie radhi.

Asante kwa kumlea. Nasema kwa moyo, maana nilimngoja mbwa miaka minne. Nina pumu. Mbwa wa kawaida akinipukutishia manyoya yake chumbani, naishia hospitali. Ndiyo maana Shule ikazalisha hawa labradoodle, mama labrador na baba pudeli, nywele zimesokotana na hazipukutiki. Hata hao ni wachache. Kati ya tisa waliozaliwa pamoja na Banjo, wote wakiwa na majina ya B kama ilivyo desturi ya Shule, wamefaulu watatu tu. Mmoja ni wangu.

Kuhusu maputo: Jumamosi sokoni tulipita palipofungwa maputo, mama yangu anasema zaidi ya ishirini. Banjo hakugeuka. Kuhusu masikio: namkuna yote mawili na hajalalamika. Bustani ni kweli sina, nina ua wenye mzeituni na mlimau, naye ameshachagua mlimau.

Mama alipomwona mara ya kwanza alisema, "Miaka minne wamekuweka, halafu wanakuletea dekio?" Sasa anampikia wali kwa siri, akidhani sisikii sufuria. Naishi naye, na yeye ndiye macho yangu pale Banjo asipofika.

Kama ni rahisi kwako, tutumie barua pepe. Anwani iko chini.

Voula Kalogeras


Clunes, 3 Aprili

Bi Voula,

Nimefurahi kusikia habari ya maputo. Kwangu alikuwa akijificha nyuma ya miguu yangu. Labda huko kwako ameona hakuna pa kujificha.

Barua pepe sizipendi. Nimezoea karatasi, na posta ya hapa wakikosa barua wataifunga. Niache na karatasi zangu.

Sina mengi. Nilitaka kujua tu kama bado anazunguka mara tatu kabla ya kulala, na kama anazungukia kushoto. Nilitaka kujua pia analala wapi. Shule inasema sakafuni, kwenye kitanda chake. Na mimi nilimlaza sakafuni, isipokuwa majira ya baridi yale Des alipofariki, na hilo usiwaambie.

Wali si mzuri kwake. Mwambie mama yako.

Merle


Preston, 30 Aprili

Bi Tranter,

Nimeelewa kwa nini hutaki barua pepe.

Banjo hajawahi kuiba kitu katika nyumba hii. Mama huacha keki mezani na kwenda kanisani, anarudi anaikuta keki. Lakini barua yako ya tarehe tatu tumeitafuta siku mbili. Mama ameikuta kwenye kitanda cha Banjo, chini ya kidevu chake, imelowa mate. Nimeinusa mwenyewe. Inanuka maini makavu, sufu, na mafuta ya mikono ya mwanamke ambaye si mimi.

Wiki yote hii akisikia kisanduku cha barua kikifunguliwa anasimama. Hasimami hivyo mimi nikirudi kutoka chooni, na mimi ndiye ninayemlisha.

Unajua maana ya miezi sita ile. Imewekwa ili mbwa asahau upande mmoja na kuushika mwingine. Wewe unatuma harufu yako kwa stempu. Naomba uache.

Kuhusu kuzunguka: mara mbili. Kulia.

V. Kalogeras


Clunes, 8 Mei

Bi Kalogeras,

Barua niliiweka kwenye mfuko wa aproni nikingoja kwenda posta. Kama mfuko ulikuwa na vipande vya maini, ni kwa sababu mwaka mzima kulikuwa na mbwa hapa aliyekuwa akilipwa kwa maini. Mimi siwezi kuiondoa harufu ya mikono yangu.

Umemlisha miezi mitatu, hongera. Mimi nilifuta mikojo yake wiki kumi. Nilimpandisha treni mara ya kwanza akitetemeka, nikaketi naye sakafuni kati ya viatu vya watu mpaka Ballarat. Alipokuwa anaota meno alitafuna mguu wa kiti cha Des, na sijakirekebisha mpaka leo. Unasema "wangu" kwa wepesi sana.

Kuna karatasi niliyosaini na Shule, kama walezi wote. Mbwa akishindwa kazi na kurudishwa, anayeulizwa kwanza kama anamtaka ni aliyemlea. Nasema tu, ili ujue kwamba hata akishindwa hatakosa pa kwenda.

Merle Tranter


Preston, 14 Juni

Bi Tranter,

Barua hii nimeipiga kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye plasta.

Alhamisi, tarehe saba, saa tano asubuhi, nilikuwa na Banjo kwenye kivuko cha barabara kuu, nangoja taa. Hajawahi kunivuta tangu tujuane. Siku hiyo alinivuta kushoto kwa nguvu zake zote, nikaanguka kwenye ukingo wa barabara. Mama alikuwa nyuma yangu na mboga. Anasema ng'ambo kulikuwa na mwanamke mzee mwenye koti la mvua la njano, na mvua yenyewe haikuwepo. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mama alipoinua uso tena, mwanamke yule alikuwa anakwenda haraka upande wa stesheni.

Ulikuwa wapi Alhamisi ile?

Mwalimu wa Shule amekuja. Ajali ikitokea lazima mbwa apimwe upya, na mtihani wetu ni tarehe ishirini na sita Julai. Atafunguliwa kamba kwenye uwanja wa wazi, nitapiga filimbi mara tatu, naye aje kwangu mara ya kwanza. Asiyekuja hawezi kukaa na mtu asiyeona, maana akipotea sina jinsi ya kumtafuta.

Tumejaribu mara nne, Bi Tranter. Banjo haitikii filimbi. Mama anasema anainua kichwa, anatazama huku na huku, kisha anarudi kunusa majani. Mwalimu ameduwaa. Kila mtoto wa mbwa hulishwa kwa filimbi tangu wiki ya nane, mara tatu halafu chakula, hata akiwa usingizini inamwamsha. Anadhani pale Shuleni alikuwa akija kwa kuwafuata wenzake, na hapa peke yake hana wa kumfuata.

Ulimlisha kwa filimbi au hukumlisha?

Voula Kalogeras


Clunes, 20 Juni

Bi Voula,

Pole kwa mkono. Pole sana, nasema kweli.

Makoti ya njano ni mengi. Nusu ya watu wa jimbo hili la Victoria wanayo.

Filimbi nilipewa na Shule siku ileile niliyopewa mbwa, kama walezi wote. Ninayo mpaka leo, iko kwenye droo.

Merle


Preston, 2 Julai

Merle,

Nimeiambia mashine isome barua yako mara sita. Ni fupi, haikuchoka. Umesema filimbi ulipewa. Hukusema uliipuliza.

Sitakugombeza leo. Mama ameitoa fimbo yangu nyeupe stoo na kuipangusa vumbi. Ameiegemeza tu mlangoni, na mimi nimeigusa nikipita. Nilipopofuka nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Miaka kumi na tisa nimetembea nikishika viwiko vya watu, na fimbo nilipokosa kiwiko. Watu wenye viwiko wana haraka zao. Mwezi wa Machi nilikwenda kununua mkate, mimi na Banjo tu, nikarudi, nikakaa jikoni nikala mkate wote peke yangu nikilia. Mama aliporudi akauliza mkate uko wapi.

Wakimchukua, nitarudi mwisho wa foleni. Miaka minne mingine, labda mitano.

Na sasa nikuambie la moyoni, maana naona tunazungukana. Nakuonea wivu, wivu mbaya. Wewe umemwona. Shule wanasema rangi yake ni ya aprikoti, mama anasema ya chai ya maziwa, na wewe unajua ni ipi kati ya hizo. Ulimjua akiwa anaenea kiganjani. Kuna jioni anainua kichwa ghafla, nasikia kengele ya shingoni, na najua hakuna kitu kilichopita njiani. Anakusikiliza wewe. Namshika kichwa nakirudisha chini, na ninaona aibu.

Kama kuna kitu ulimfundisha, niambie. Na kama unataka arudi kwako, sema hivyo pia, nijue ninashindana na nani.

Voula


Clunes, 11 Julai

Voula,

Koti ni langu. Nilipanda treni ya asubuhi. Nilitaka kumwona akitembea kazini, mara moja tu, kwa mbali. Nilisimama ng'ambo nikijua mbwa hawezi kuona hivyo kati ya magari, na nikasahau upepo. Mwaka mzima nimemfundisha mbwa, nikasahau upepo. Nilipokuona umeanguka nilikimbia. Sikukimbilia kwako. Hilo ndilo linaloniamsha.

Filimbi bado iko kwenye pakiti yake, haijawahi kuguswa na mdomo wa mtu.

Des alikuwa akikoroga chai yake kwenye kikombe cha bati, kisha anagonga kijiko ukingoni mara tatu. Miaka arobaini na moja nilikuwa nakuja nikisikia hivyo, kumbe alikuwa ananiita, au kumbe alikuwa anakung'uta kijiko tu, sijui, sikumwuliza. Alifariki Juni, Banjo akiwa na miezi minne. Nilianza kunywa kwa kikombe chake. Siku ya kwanza nilipogonga kijiko, mtoto yule akaja mbio kutoka bustanini, akateleza kwenye sakafu na kugonga kabati. Nikamwekea chakula. Kesho yake nikarudia. Filimbi sikuipuliza hata mara moja: hata kabla ya hapo nilikuwa namwita kwa mdomo tu. Mkaguzi wa Shule akija, nilikuwa nashika maini mkononi huku filimbi ikining'inia shingoni kwa maonyesho tu, na Banjo alikuja kwa ajili ya maini; akiondoka nairudisha kwenye pakiti.

Nilijiambia kila kitu chake ni cha Shule, jina, kamba, hata tarehe ya kuondoka. Acha nibaki na kimoja.

Uliposema haitikii, nilijua. Nilijua siku ileile. Nikanyamaza, nikafua blanketi lake. Nimenunua mfuko mpya wa chakula, Voula, kilo kumi na tano, uko nyuma ya mlango. Nilikuwa nahesabu siku mpaka ushindwe. Ikaja barua yako ya mkate. Mimi nimepika mikate ya watoto miaka thelathini, na sijawahi kusikia mtu akila mkate hivyo.

Ulitaka kujua: ni rangi ya chai, yenye maziwa mengi. Mama yako ana macho mazuri.

Kikombe kiko ndani ya boksi hili, na kijiko chake. Usikioshe. Gonga mara tatu, na papo hapo puliza filimbi mara tatu, kisha mlishe kwa mkono wako mwenyewe, si kwa bakuli. Fanya hivyo kila mlo. Akishaunganisha, punguza kugonga, baki na filimbi. Siku zilizobaki ni chache, lakini ana akili.

Waambie Shule yote haya ukipenda. Nimeshawaandikia mimi.

Merle


Preston, 27 Julai

Merle,

Kifurushi kilifika tarehe kumi na tatu. Nilikaa nacho mapajani kabla ya kukifungua, na Banjo alikaa miguuni pangu akipumua kwa nguvu. Alishajua.

Nikagonga mara tatu. Sijawahi kumsikia akikimbia hivyo ndani ya nyumba. Alitoka uani, akapita jikoni, nikanyoosha mkono wenye chakula, naye akanipita. Alinigusa kwa mkia tu. Alikwenda kusimama mlangoni. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Anamngoja mtu." Nikamwambia, "Najua anamngoja nani, mama, huna haja ya kunitajia."

Nilikitupa kikombe kwenye pipa la takataka. Mama akakitoa, akasema nimtupe na yeye kama nina nguvu. Jioni nikagonga tena.

Siku saba, Merle. Kila mlo nagonga, napuliza, na kila mlo anakwenda mlangoni kwanza, anakaa, anangoja, halafu anarudi kula mkononi mwangu kwa adabu, kama mgeni. Siku ya nane nikagonga, nikasikia kucha zake zikija kwenye vigae, nikajiandaa kupitwa. Alisimama. Akaweka kidevu kwenye goti langu. Sikumlisha upesi, nilisahau.

Jana ilikuwa mtihani. Uwanja wa wazi, upepo, mbwa wengine wawili. Kikombe nilikiacha nyumbani. Nilipuliza mara tatu na nikaanza kuhesabu moyoni, na sikufika nne. Mwalimu amesaini. Fimbo imerudi stoo.

Alikuja kwangu. Nataka usome sentensi hiyo vizuri.

Kikombe sitakurudishia. Mkono wangu unapona, na sijakusamehe kuhusu mkono. Kwa mengine, asante.

Voula


Clunes, 5 Agosti

Voula,

Nimeisoma vizuri.

Shule walinijibu. Walinigombeza kurasa mbili, kisha wakaniuliza kama nitapokea mwingine, maana walezi ni wachache na labradoodle wamezaliwa saba. Nilitaka kukataa. Amekuja Ijumaa. Ni jike, mweusi, anaitwa Nutmeg, safari hii majina yote ni ya N. Ameshakojoa juu ya mfuko wa kilo kumi na tano. Filimbi nimeitoa kwenye pakiti, iko shingoni, naipuliza kila mlo na masikio yangu yanauma. Chai nakunywa kwa kikombe cha udongo, na nikikoroga, nakitoa kijiko polepole bila kugusa ukingo.

Wewe si mtu rahisi kupendwa, na mimi bado nakuonea wivu, niseme ukweli. Nikimwona Nutmeg anazunguka kabla ya kulala, nahesabu. Lakini usiku nalala.

Nina neno moja tu. Umeandika siku saba. Nimeshakusoma kiasi, Voula. Wewe ni mtu aliyemkuna sikio la kulia kwa sababu nilisema la kushoto. Kifurushi kilifika tarehe kumi na tatu, na barua ya kufaulu ukaiandika ishirini na saba. Kama siku ya nane alikuja kwako, ungeniandikia siku ya tisa kunitambia.

Aliningoja siku ngapi?

Merle


Preston, 13 Agosti

Merle,

Kumi na moja. Usiniulize tena.

Voula